Tabibu wa Samaki wa Mwembesongo

Twalibu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alipoiona riziki yake ikiogelea. Ilikuwa ndani ya tangi la kioo juu ya kabati la Sufiani kinyozi, mwili mzima una vidoa vyeupe kama mtu aliyemwagiwa chumvi.

"Samaki wako anaumwa," alisema.

"Hata sijui ana nini," Sufiani akajibu, mashine ikiwa hewani. "Juzi tu alikuwa mzima. Sasa kutwa kujisugua kwenye mawe."

"Surua ya samaki hiyo. Imeingia mji mzima. Zamani uliwahi kusikia samaki wa kioo anaumwa? Siku hizi kila nyumba!"

Twalibu hakuwahi kumiliki samaki ambaye hajakaangwa. Lakini alimtazama Sufiani usoni, akaona hofu, na kwa mtu anayeishi kwa ujanja kama yeye hofu ya mwenzake ni kama mvua kwa mkulima. Ni kweli zamani hakuna aliyesikia habari hizo, maana na samaki wenyewe hawakuwepo. Sasa kila saluni, kila mng'oa meno, kila mwenye sebule ya vigae ana tangi lake. Je, magonjwa ndiyo yameongezeka, au samaki? Swali zuri. Twalibu aliliacha bila kulijibu, kwa sababu swali likishajibiwa halina biashara tena.

Siku ile alinyolewa bure.

Kesho yake akawa tabibu. Alinunua koti jeupe la mtumba, mfukoni limeshonwa nembo ya ng'ombe anayecheka, maana lilitoka kwenye kiwanda cha maziwa cha huko Ulaya. Dawa ilikuwa maji ya mdalasini kutoka Kinole, kijijini mlimani kwa mama yake. Kipimo kilikuwa chujio la tui. Alilichovya tangini, akamwinua samaki, akamkodolea jicho moja, akaguna. Mguno ndio uliokuwa na bei.

Asubuhi alichovya mtaa wa Mwembesongo, mchana akachovya mtaa wa Mafiga, na kati ya hapa na pale chujio halikuonja hata tone la sabuni. Na hapo ndipo ugonjwa ulipoongezeka kweli. Kila alikopita, baada ya siku chache samaki wazima walianza kuota vidoa, na wenye samaki wakashika vichwa: "Si daktari alisema!" Wakamwita tena, naye akaja na chujio lile lile. Hata mwenyewe alianza kushangaa. Ni jambo zito, mtu kudanganya halafu dunia ikamfuata kumtii.

Ndipo Athanas alipomwita. Huyu alikuwa na ukumbi wa harusi, na mlangoni ameweka tangi kubwa kama jeneza la tajiri ili maharusi wapigie picha mbele yake. Shida yake ilikuwa moja: samaki wake walikuwa wadogo, kwenye picha wanaonekana kama inzi.

"Nitafutie mmoja mkubwa, mwekundu, mwenye heshima," alisema Athanas. "Ile pikipiki pale uani hupandwa na kuku tu. Niletee samaki, uichukue."

Twalibu aliitazama pikipiki mpaka akasahau kuaga. Tangu ujana alikuwa akipanda milima kwa miguu, na kila dereva aliyempita alimwachia vumbi la dharau. Samaki wa kumtoa kwenye vumbi hilo alikuwa mmoja tu mjini: Meneja, samaki wa Hafidha mwenye nyumba ya wageni kule Mafiga. Aliitwa hivyo kwa sababu alikaa mapokezi kutwa bila kufanya kazi yoyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba cha kulala au cha kupumzika?"

"Nimekuja kumpima Meneja. Ugonjwa umezidi mjini."

"Pita zako, pita zako. Nikulipe wewe umtazame samaki, na mimi namtazama bure?"

Hafidha alikuwa mkono wa birika. Hata salamu alizitoa nusu. Twalibu akabadili njia.

"Kwani mama ni wa ukoo gani, upande wa mama?"

Hafidha akautaja. Twalibu akapiga makofi.

"Loo! Kumbe mtani! Si sisi ndio tunaowazika ninyi!"

Ulikuwa uongo mtupu. Waluguru, watu wa milima hii, huchukua ukoo kwa mama, na kila ukoo una watani wake. Watani huzikana, hutukanana msibani, hukamatiana mali mpaka ikombolewe, na ni mwiko kukasirika. Kudanganya ukoo ni sawa na kumkana mama mzazi. Twalibu alimkana wake bila hata kupepesa.

"Nilijua tu, sura hiyo!" Hafidha alicheka. "Si ninyi mlioshuka mlimani mnatafuna mbegu njiani?"

"Mbegu mlizoiba ninyi! Tulizitafuna kuwafichia aibu."

"Mdomo huo! Haya, utanitoza nini?"

"Mtani halipi. Ni bure."

Neno "bure" lilimwingia Hafidha kama asali sikioni. Chujio likachovywa, mguno ukatolewa. Meneja ana surua, lazima alazwe Kinole kwenye maji baridi ya mlimani. Hafidha mwenyewe alileta ndoo, akaifunika kwa kanga yake. Twalibu akatoka taratibu kama mbeba maiti, akakata kona, akatimua mbio hadi ukumbini. Alitoka huko juu ya pikipiki.

Alingoja wiki ipite ili uongo uive, kisha akaenda kutoa taarifa. Aliegesha pikipiki mbele ya mlango na kuingia ameinamisha kichwa.

"Mtani, kazi ya Mungu haina makosa. Meneja hatunaye."

Hafidha alimtazama kidogo. Kisha akapiga yowe lililowatoa wageni vyumbani, wengine hawajavaa viatu. Wanawake wa jirani wakaingia haraka mno, kana kwamba walikuwa nyuma ya mlango. Mikeka ikatandikwa, masufuria ya ubwabwa yakateremshwa jikoni, na Twalibu akakalishwa katikati.

"Samaki tu huyu," alinong'ona.

"Msiba ni msiba," alisema Pili, mkubwa wa wanawake wale. "Na marehemu kafia mikononi mwako, kwa hiyo wewe ndiye mfiwa. Watani, kazi yenu hiyo!"

Hafidha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti jeupe, pale penye ng'ombe, akatoa ufunguo wa pikipiki. Watu wakapiga vigelegele. Twalibu naye akatabasamu; mila anaijua.

"Haya, nikomboe kwa nini? Kuku? Nazi?"

"Kwa Meneja," alisema Hafidha.

"Mama, Meneja si amekufa?"

"Juzi nilikuwa kwenye kikao cha harusi ukumbini kwa Athanas. Nikapishana na Meneja pale mlangoni. Hakunisalimia."

Athanas akatokea chumba cha nyuma, ndoo mkononi. Ndani yake Meneja alikuwa akizunguka, ana vidoa vyeupe kuanzia pua hadi mkia.

"Bi harusi amegoma kupiga picha na samaki mwenye upele," alisema Athanas. "Na wale wadogo wangu wote wameambukizwa. Nimeuliza mji mzima, daktari. Hakuna tangi lenye ugonjwa ambalo hukuchovya chujio lako."

Hafidha akapokea ndoo, akampa Athanas ufunguo. Nje pikipiki ikakohoa, ikanguruma, ikaondoka. Twalibu akaruka kutoka mkekani.

"Huu ni wizi! Pikipiki yangu!"

Watu wote wakamgeukia.

"Mtani amekasirika?" aliuliza Pili polepole. "Mtani hakasiriki. Au wewe si mtani? Kama si mtani, tutajie ukoo wa mama yako hapa, halafu tuongee kituoni habari za mtu baki aliyeondoka na samaki wa watu."

Twalibu aliutazama mlango, umejaa wanawake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti kubwa, machozi yakimtoka, mpaka baadhi ya watu wakamwonea huruma. Wakacheka naye, wakala ubwabwa, wakashiba.

Na kwa kuwa mfiwa aliyeshindwa kukomboa huosha vyombo, walimkalisha uani na masufuria na mchanga wa kusugulia. Alisugua akiwa amevaa koti lake jeupe. Mgeni mmoja wa chumba cha pili, ambaye hakuelewa lolote lililotokea, akamwinamia kwa heshima.

"Daktari, samahani. Eti ni kweli magonjwa ya samaki yanaongezeka siku hizi?"

Twalibu alilipindua sufuria, akaangalia ukoko uliogandia chini.

"Yatapungua, kaka," alisema. "Kuanzia leo."