Sakoshi Yenye Kunuka Ng'ombe

Siku ya Mungu, 9 Oktobre 1955

Viateur alikuja leo na bazazi yake. Njo ule infirmier, mwenye kutunza bagonjwa ku Kirotshe, mwenye ataoa Drocella, mutoto wa kaka yangu Nzabandora. Ameleta zawadi ya mwisho mbele ya ndoa. Mi shangazi nimepata sukari. Sukari tu. Emérita, bibi ya kaka yangu, mama ya Drocella, yeye amepata sakoshi, mukoba ya bamama, nyeusi ya kungaa, imetoka Bukavu. Alikaa nayo ku magoti sawa mutoto wa kubatiza.

Nani alimubeba Drocella mu mugongo wakati ya surua? Mimi. Nimekunywa chai na sukari yangu bila kusema kitu. Karibu bila kusema kitu.

Siku ya kwanza, 10 Oktobre

Nimelala vibaya. Asubui wazo ikaingia: kama ile sakoshi iko ya uongo?

Mu huu mulima mwenye kujua sakoshi ni mimi peke yangu. Ya kwangu nilinunua ku soko ya Sake, kwa muchuuzi mumoja wa heshima sana. Aliniambia nisiamini macho, macho iko mujinga. Ninuse. Ya Bulaya ya kweli iko ngozi, na ngozi inanuka ng'ombe. Ya uongo iko carton, karatasi nguvu ya sanduku, ya kupaka rangi. Nilinusa yake, nikasikia ng'ombe muzima, na maziwa, na zizi. Tangu ile siku bamama ya kanisa bananiletea sakoshi yao ninuse. Mama Anne alilia wakati nilisema yake iko carton. Lakini ukweli iko ukweli.

Basi nikaenda kusalimia Emérita. Nikaomba kushika kidogo. Nikanusa inje. Nikanusa ndani. Nikaingiza pua yote. Dawa! Sakoshi inanuka dawa ya vidonda. Nikamuuliza kwa upole ni ng'ombe gani inanuka pharmacie. Akaniambia nichukue pua yangu, niende nayo kwangu.

Nimepita kwa Mama Anne, nikamuambia yeye peke yake.

Siku ya pili, 11 Oktobre

Mulima muzima inajua. Sielewi ilitokea wapi.

Nzabandora alikuja kuniuliza kama niko na hakika. Nikamuambia pua yangu haijakosea hata siku moja. Akasema mwanaume mwenye kudanganya bakwe yake na carton, atamupatia Drocella maisha ya carton. Kesho tunapeleka sakoshi Kirotshe na ndoa imekufa.

Imekufa namna gani? Mi nilitaka tu Emérita aitoe ku magoti. Kuua ndoa haikukuwa mu mupango yangu. Drocella alikuwa analia nyuma ya nyumba, nilimusikia. Nilitaka kusema pengine niko na mafua. Lakini bantu balikuwa bananiangalia na heshima mingi, hata bazee. Niko vile: heshima ikiingia, akili inatoka.

Siku ya tatu, 12 Oktobre

Tulitoka mbele ya jua. Nzabandora na sakoshi ya Viateur, mi na ya kwangu, juu Viateur aone ngozi ya kweli inafanana namna gani.

Karibu na Kirotshe mvula ikatukamata. Mvula ya kupiga sawa fimbo, na hakuna pa kujificha. Nikaweka sakoshi yangu ku kichwa. Ngozi ya Bulaya haiogope maji. Kidogo, kitu baridi ikaanza kushuka ku shingo. Nyeusi. Kiisha sakoshi yote ikakuwa bugali. Rozari, kioo, biazi yetu ya njia, vyote mu matope. Mu mukono nilibakia na kamba yake. Ku kichwa kipande ya carton, iko na maandiko. Nilisoma polepole sawa ma soeur ba misioni balitufundisha. SA. VON. Sabuni, kwa Kifaransa.

Nikanusa ile carton. Ng'ombe bado. Siagi! Ule muchuuzi alipaka siagi ya ng'ombe, ileile bamama banajipaka ku mwili siku ya sikukuu. Mi mwenyewe nilikuwa nimejipaka. Mwaka muzima nanusa siagi, naita ngozi.

Na sakoshi ya Viateur? Maji ilikuwa inateleza juu yake sawa ku mugongo ya bata. Nzabandora aliangalia yake. Akaangalia kichwa yangu. Akasema: Agathe, ng'ombe yako imeyeyuka. Akakaa ku jiwe, akacheka mupaka kofia ikaanguka.

Kiisha akaacha kucheka, juu Viateur alishatuona, anakuja mbio. Akauliza juu ya nini tunarudisha zawadi. Uso yake ilikuwa ya mutu mwenye kungoja kofi. Kaka yangu akaniangalia. Ndoa yote ikakuwa mu kinywa yangu, na kinywa yangu bantu banaijua.

Nikasema: mukwe, kwetu sakoshi hailale bule kwa mama mukwe. Shangazi anairudisha kwa mukwe, anaweka kitu ndani, kiisha ndoa inaendelea. Hii desturi nilizaa palepale, mu mvula. Viateur aliomba samahani, ati bazazi yake balisahau kumufundisha. Akaweka sabuni mbili. Akasema pia tusishangae harufu, alificha sakoshi mu kabati ya dawa juu panya isikule ngozi.

Nzabandora alikohoa mingi sana.

Siku ya ine, 13 Oktobre

Drocella aliniruka ku shingo. Emérita amepata sakoshi yake, na sabuni. Nilimuambia ilikuwa mafua. Lakini kaka yangu ameshasema yote. Emérita aliniuliza, mbele ya bamama, kama ku ndoa nitabeba sakoshi ingine ao nitavuta ng'ombe yenyewe na kamba. Bote balicheka. Mama Anne alicheka kupita bote, na haki iko yake.

Nimeapa. Sitapima tena kitu ya mutu.

Siku ya posho, 22 Oktobre

Drocella ameolewa! Kasiksi, pombe ya ndizi, mingi, nyama mingi. Bibi harusi alicheza mupaka nguo ikashikamana ku mugongo.

Nilikaa pembeni ya Papa Hilaire, mugeni wa Walikale, kule anachimba zahabu ya Bazungu. Mutu wa heshima sana. Aliniambia zahabu ya kweli haina ladha hata kidogo. Hii ni kitu ingine kabisa. Haina maneno na pua.

Drocella akakuja kunisalimia, mukono moto, jasho inatiririka. Nikabusu mukono sawa shangazi wa kweli. Nikalamba pete yake ya zahabu kidogo.

Chumvi.

Nimeambia Mama Anne peke yake. Kaka yangu nitamuambia kesho, kiisha misa.