Kijazo cha Rola

Gwamaka alijaliwa kipaji cha kuiona shida ya mtu kabla mwenyewe hajamaliza kuilalamikia. Jumatatu ile, ufukweni mwa ziwa huko Matema, shida ilikuwa imekaa juu ya trela: boti mpya ya Bwana Jubilate, mwenye hoteli. Rola za trela, vile vidude vya mpira ambavyo boti huteleza juu yake ikishushwa majini, zilikuwa zimeliwa na jua hadi zikabaki pini tupu. Boti ilikuwa imetulia kama kuku aliyeatamia.

"Wageni wangu wanafika Jumamosi mchana," Jubilate aliwatangazia waliokuwepo. "Atakayeiingiza majini kabla yao, ile pikipiki yangu ni yake."

Gwamaka aliitazama pikipiki. Ilikuwa nyekundu, na moyo wa binadamu ni dhaifu.

"Bosi, nitakuletea rola za Kijerumani. Zinavukia mpakani Katumba Songwe kimyakimya, ushuru hauzioni."

"Ni za halali?"

"Ni za bei nafuu."

"Basi ni za halali," alisema Jubilate, mtu wa dini.

Jioni hiyohiyo Gwamaka alikuwa sokoni Lyulilo kwa mama Tusekile, mfinyanzi, akimwagiza rola sita za udongo. Angezipaka rangi nyeusi ya viatu, na zikivunjika, yeye na pikipiki wangekuwa wameshavuka Kyela. Mpango huu alimsimulia mama wa watu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tapeli asiye na msikilizaji hunyauka.

"Bei je, mama?"

"Kama ya vyungu vyote, mwanangu. Unakijaza chombo nafaka. Nafaka yangu, chombo chako."

Gwamaka aliangalia ukubwa wa rola, akameza kicheko. Kijazo chake kilikuwa konzi moja ya nafaka. Akakubali mbele ya wanawake wote wa sokoni, tena kwa kiapo.

Jumamosi asubuhi alirudi na kiroba cha mchele begani. Kilikuwa cha shangazi yake Kisa, aliyemtuma akipeleke kwenye harusi ya bintiye huko Ikolo. Njia ya Ikolo haipiti Lyulilo, lakini Gwamaka hakuwa mtu wa kubanwa na njia. Konzi sita, nani angezigundua? Hilo nalo akamsimulia mama Tusekile alipofika.

Rola zilikuwa tayari, nyororo, kila moja na tundu la pini lililopita katikati. Mama Tusekile alisimamisha ya kwanza juu ya kikapu kikubwa.

"Jaza."

Gwamaka alimimina. Mchele uliingia juu, ukatokea chini, ukatulia kikapuni. Akamimina tena. Elimu yake yote ikamkusanyikia usoni.

"Mama, hii haina tako."

"Uliagiza yenye tundu."

Akapeleka kiganja kuziba chini. Mama Tusekile akakigonga kwa mwiko.

"Kiganja hakikuwemo kwenye mapatano."

"Haitajaa mpaka mwisho wa dunia!"

"Sina haraka. Au ziache, mimi nimweleze Bwana Jubilate Wajerumani wake wanaishi wapi."

Gwamaka alipiga hesabu kimoyomoyo: pikipiki moja hununua viroba vingi, na shangazi angesamehe, ikibidi akiwa kaburini. Akamimina polepole, kama anayemzika ndugu. Kutoka upande wa Matema zikasikika sauti za wanaume wakiimba.

"Nini kile?"

"Wanangu, wanavuta kitu. Mimina, mwanangu, usimwage pembeni."

Kiroba kilipokwisha, mama Tusekile alihurumia rola zilizobaki, akampa zote. "Ndaga fijo," alimshukuru, kwa adabu kamili.

Gwamaka alikimbia hadi Matema, rola zikigongana kwenye kiroba kitupu. Boti ilikuwa ikielea ziwani. Mchangani, kutoka kwenye trela hadi majini, ilipangwa migomba iliyokatwa, inayovuja utomvu, kama wanavyotandika wavuvi wanaposhusha mitumbwi.

"Umechelewa," alisema Jubilate. "Wana wa Tusekile wameitelezesha kama sabuni."

"Na pikipiki?"

Honi ikalia nyuma yake. Mwana mkubwa wa mama Tusekile alikuwa ameshika usukani, ametoka Lyulilo kumchukua mama yake. Mama mwenyewe alikaa nyuma, kikapu cha mchele mapajani.

"Tunakwenda Ikolo," alisema. "Nasikia kuna harusi imekosa mchele, labda watanunua huu. Panda, mwanangu, tubanane. Nauli ni kijazo cha rola moja tu."