Ombi la Kumfukuza Fundi wa Toroli, Ambaye ni Shemeji Yangu

Ndugu Meneja wa Ghala,

Kwanza pole kwa rangi iliyokurukia suruali juzi. Uliniagiza nieleze kwa maandishi kwa nini toroli la umeme la kubebea paleti, likiwa mkononi mwangu, liliparamia ndoo za rangi. Ukasema nisipojieleza vizuri toroli utampa yule mpakiaji Njiti, na mimi utanirudisha kwenye lile la kuvuta kwa nguvu za mwili. Mheshimiwa, kiuno changu na toroli lile walishaagana kwa amani. Kwa hiyo naeleza: mwenye makosa ni fundi umeme wako, na naomba umfukuze. Ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, basi usidhani nina chuki naye. Kijana mzuri, ila kazi haijui.

Hitilafu yenyewe ni hii. Nikishika mkono wa toroli linifuate, linanifuata hatua chache, halafu ghafla linanikimbia, uma zake za kubebea mzigo zikitangulia, kama limekumbuka kitu nyumbani. Kioo chake hakionyeshi namba yoyote ya hitilafu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi amepima betri, fyuzi na nyaya zote kwa mita yake, akasema ni nzima. Akaliendesha mwenyewe, likatulia. Akampa Njiti, likatulia. Yaani hitilafu inanijua mimi kwa sura, na yeye haoni ajabu.

2. Badala ya kuichunguza mashine, ananichunguza mimi. Aliniomba ninyooshe mikono na nisimame mbali kidogo na toroli. Nikamwambia mimi ni dereva, sikuja kulitembelea. Siku nyingine akaniuliza, kwa heshima zote, kama naweza kuvuta pumzi ndani na kubaki hivyo mpaka mlangoni.

3. Ameingilia kantini. Mama wa kantini amekiri kwamba fundi alimwomba anipunguzie chakula. Sasa nauliza, sahani yangu ina waya gani? Tangu nimwoe dada yake nimenawiri, kila mtu anasema, na nadhani hilo limeanza kumkera.

4. Hili ndilo kubwa. Juzi mbele yako, rangi ikiwa bado inatiririka, alisema kwa kinywa chake kwamba aliacha waya mmoja umelegea. Ukamwambia mkataba wake utaufikiria. Mimi nasema usifikirie sana, mtu amekiri.

Naomba basi aletwe fundi asiye na undugu na jiko langu, na toroli nibaki nalo.

Wako mtiifu, mwenye kiuno kinachokutegemea,
Mwendeshaji toroli, ghala la pili

Nisalimie karani, walinzi wa getini na wapakiaji wote, hata Njiti. Mama wa kantini mwambie bado namheshimu.

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akanieleza alichoambiwa na mdogo wake. Kwenye kichwa cha mkono wa toroli kuna kitufe kikubwa chekundu. Kimewekwa ili dereva asije akabanwa ukutani: kikiguswa na tumbo, toroli humkimbia. Shemeji alijua tangu siku ya kwanza. Alichoshindwa ni kumwambia mume wa dada yake kwamba amenenepa. Hakuna waya uliolegea, Mheshimiwa. Alisema vile nisiaibike mbele yako na wapakiaji, huku akijua mkataba wake uko hatarini. Nimeona haya, na nimempenda sana yule kijana. Ningeandika upya, lakini barua umeitaka asubuhi hii na karatasi imeisha, kwa hiyo tafadhali isome kuanzia hapa kwenda chini.

Usimfukuze. Tumelijaribu toroli sasa hivi, mimi na yeye. Nimenyoosha mikono, nimebana pumzi, nalo likanifuata kwa adabu mpaka mlangoni. Hapo shemeji akaniuliza kama waya umekaza, nikacheka. Ndoo nyingine mbili zimemwagika. Safari hii nimekiri mimi, kabla yeye hajafungua mdomo.