Mwavuli, Kofia na Nguruwe Wawili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Amekuja binti wa bima. Anaitwa Restituta. Kaniamkia vizuri, Shikamoo babu, nikaitikia na kumsamehe hilo la babu. Miaka sitini na sita si ubabu. Ameeleza kwamba kadi yetu ya wastaafu inalipa mambo ya kawaida, ila kwenye mambo makubwa inaacha pengo. Kampuni yake inauza bima ya nyongeza ya kuziba hilo pengo. Vifurushi viwili. Mwavuli: laki nne na nusu kwa mwaka, mume na mke, mkiugua hamtoi kitu. Kofia: laki moja na ishirini tu, lakini kila mara mmoja wenu akilazwa au akipasuliwa, laki tatu za kwanza zinatoka mfukoni mwenu. Mwisho wa kujiunga ni Ijumaa.

Vitalia amesema tuchukue Mwavuli. Amesema haraka mno, chai haijapoa. Mke wangu ni mwema lakini mizani haijui. Mimi nilikuwa karani wa mizani wa ushirika wa kahawa miaka thelathini na moja. Sinunui kitu sijakipima.

Jumatano, 6 Agosti

Raimundi kachukua Mwavuli. Amesimamisha pikapu mbele ya mlango wangu makusudi ili anipe habari. Huyu alikuwa dereva wa ushirika, tumestaafu mwaka mmoja, leo yeye ana pikapu na mimi nina fimbo. Amesema sasa analala usingizi wa mtoto mchanga. Nikamwambia mtoto mchanga hulala kwa sababu hana akili.

Nimepiga hesabu mpaka jioni. Kofia ni laki moja na ishirini. Tukiugua mara moja, ongeza laki tatu. Jumla laki nne na ishirini. Bado nimembwaga Raimundi kwa elfu thelathini! Na hela inayobaki sasa hivi inanunua nguruwe wawili wa miezi minne. Tukiugua, tunauza nguruwe. Tusipougua, tunakula nguruwe Krismasi. Nashangaa hakuna kampuni iliyowahi kufikiria jambo hili.

Asubuhi Vitalia alitia chumvi kwenye chai yangu badala ya sukari. Amesema macho yake yana ukungu. Nikamwambia mwezi huu Mbinga nzima ina ukungu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimelipa Kofia. Restituta kaniuliza mara mbili kama nina hakika, halafu akasema bima itaanza kufanya kazi baada ya mwezi mmoja. Sawa. Nguruwe wametoka Kigonsera kwa bodaboda, kila mmoja kwenye gunia lake. Dereva aling'atwa mgongoni na anadai fidia. Nimemshauri akate bima.

Vitalia alichukua kikapu chake. Alikwenda kuchuma kahawa. Jioni nilichungulia kikapu chake. Nusu ilikuwa ya kijani. Huyu ni mwanamke ambaye kikapu chake ushirika walikuwa wanakionyesha kwa wengine, nyekundu tupu. Nimezichambua za kijani kimyakimya na kuzitupa nyuma ya choo. Sikupenda kuziona, na sikupenda azijue.

Jumapili, 17 Agosti

Nguruwe wanakula kama wamealikwa harusini. Pumba imepanda bei. Baada ya Misa nikakutana na Dorothy, yule anayepandisha usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay kuuza sokoni. Ana magunia ya usipa uliosagika njiani mpaka ukawa vumbi, wateja wanaukataa. Alikuwa anafikiria kuutupa. Nikamwonea huruma, nikauchukua kwa bei ya kutupa.

Nguruwe wameupokea kwa machozi ya furaha. Watu wa mlimani wanafuga nguruwe tangu mababu, ziwa liko hapo chini tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyewahi kuviunganisha. Ilibidi vinisubiri mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Nguruwe ni mapipa. Raimundi kaja kuwatazama, kanusa hewa, kauliza nawalisha nini. Nikasema ni siri ya shamba.

Nilikuwa naandika hayo nilipoitwa. Vitalia ameanguka kwenye shimo la ngoro. Mashimo hayo tumechimba wenyewe mlimani ili mvua isibebe udongo, na ameyapita maisha yake yote, hata na mtoto mgongoni na debe kichwani. Leo kakanyaga hewa. Nilimkuta amekaa chini ndani ya shimo, mikono imejaa udongo, anatazama upande nisiokuwepo. Akaniuliza, Baba Jastini, ni wewe? Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Mguu ni mzima. Bima imeanza kazi jana.

Jumatano, 10 Septemba

Hospitali ya misheni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa vibaya. Wamesema daktari bingwa wa macho anakuja wiki ijayo, kisha harudi mpaka baada ya Pasaka. Nikauliza kama jicho linaweza kusubiri Pasaka. Daktari akasema yeye asingesubiri, linaweza kupata presha na likapotea kabisa. Bima italipa, ila laki tatu zetu ziwe dirishani Jumanne jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Hela ya kahawa ya mkupuo wa pili haitoki mpaka mwisho wa mwezi.

Njiani Vitalia alishika kiwiko changu. Ameuliza kama Mwavuli ungelipa yote. Nikamjibu kwamba nguruwe watalipa yote. Amesema, haya basi. Nilitamani agombe.

Ijumaa, 12 Septemba

Ignatio mwenye bucha kaja na kisu na mzani wake. Nimeukagua mzani, uko sawa. Tumekubaliana nguruwe wawili laki tano. Nilianza kufikiria matumizi ya laki mbili za ziada. Kachinja wa kwanza. Ignatio ana desturi yake, kila mtu anaijua: akichinja hakati nyama kwanza, anakaanga ini papo hapo, anaonja pamoja na mwenye mali, ndipo anatoa hela.

Ini likaingia kwenye kikaango. Harufu iliyotoka ilikuwa ya soko la samaki saa nane mchana. Ignatio akatazama ndani ya kikaango, akanitazama mimi, akaonja. Akaweka uma chini. Ameuliza kwa heshima kabisa kama huyu nguruwe alikuwa anavua. Nikaonja na mimi. Mungu wangu. Usipa mtupu.

Kafunga kisu chake kwenye gazeti na kuondoka. Kasema akiuza hii wateja watadhani kikaango chake hakioshwi. Nina nguruwe mmoja mfu na mmoja hai, na wote wawili ni samaki. Zimebaki siku nne.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejaribu ndimu. Nimejaribu tangawizi. Nimechemsha na majani ya mlimao. Nimepeleka sampuli kilabuni, mteja wa kwanza akauliza mbona samaki huyu hana miiba. Hakuna aliyenunua. Habari imeshafika stendi, kuna kijana kaniita Mzee wa Ziwani.

Vitalia amekaa barazani mchana kutwa akitazama mlima wa mbele. Nimemuuliza anaona nini. Amesema anaona weupe, ila anajua mlima uko pale. Niliingia ndani nikakaa kitandani kidogo.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda sala ya jumuiya. Jumuiya ikaja kwangu. Raimundi na mkewe Notburga mbele. Raimundi kaanza habari za Mwavuli kabla hajakaa. Notburga, ambaye ni Mnyasa wa Liuli kule ziwani, alinusa, akafuata harufu mpaka jikoni, akarudi anatafuna. Kasema hajala nyama tamu hivi tangu aolewe huku juu. Kwao mtu angenunua hii mbio, nyama yenye mboga yake ndani. Akaagiza nyama ya yule aliyechinjwa ibanikwe moshini usiku huu kama samaki, isiharibike.

Raimundi akasema alfajiri anawasha pikapu kwenda ziwani. Nikasema sihitaji msaada. Vitalia akasema tunahitaji. Kasema mbele ya jumuiya nzima, kwa sauti ya chini, na hapo nikaelewa kwamba anaogopa. Miaka arobaini na mbili ya ndoa, sikuwahi kumsikia akiogopa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mbamba Bay na kurudi. Nguruwe hai nyuma pamoja na mimi, kwa sababu mbele Notburga alikaa na nyama. Katika kila kona ya mteremko Raimundi alitoa kichwa dirishani kunikumbusha kwamba mwenye Mwavuli angekuwa nyumbani amelala.

Ufukweni Notburga aliuza kwa Kinyasa, sikuelewa neno, lakini walicheka sana wakinitazama. Nyama yote iliisha kabla jua halijawa kali. Nguruwe hai kachukuliwa na mwenye hoteli ya chakula. Tulipohesabu ilikuwa laki mbili na themanini. Pungufu elfu ishirini. Nilitazama maji, nikawaza kuuza viatu.

Ndipo Raimundi akauliza kile kichwa cha nguruwe kilichobaki kwenye ndoo ni bei gani. Nikasema elfu ishirini. Hakubishana hata kidogo! Kichwa hicho hakizidi elfu tano. Bora nimepata pa kumlipizia ile dharau ya kwenye kona. Mtu asiyejua kupima atapigwa siku zote.

Jumatano, 17 Septemba

Nililipa jana. Leo asubuhi wamemwingiza. Alinipa kitenge chake na rozari nimshikie. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa kijani. Watu wanaingia na kutoka. Nilijaribu kupiga hesabu ili kutulia, hesabu zikakataa. Nilisali Salamu Maria nikasahau katikati. Nilimwahidi Mungu kwamba jicho likirudi sitapanga tena mpango wowote.

Ametoka amefungwa bandeji, anaulizia kama nimekula.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamefungua bandeji. Daktari kamuuliza anaona nini. Vitalia alinitazama muda mrefu, kuanzia juu kwenda chini. Halafu akasema shati nimelifunga vifungo vibaya, kola ni chafu, na nimezeeka. Nikasema na yeye amezeeka. Akasema hilo alilijua. Kisha akacheka, na mimi ikabidi nitoke nje kidogo, kulikuwa na vumbi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Jicho la kushoto litapasuliwa baada ya Pasaka. Restituta karudi. Amesema wenye Kofia wanaotaka kuhamia Mwavuli wanaruhusiwa wakiongeza tofauti, laki tatu na thelathini, kabla ya Ijumaa. Nilimwambia nitafikiri. Sikuwa na haja ya kufikiri. Hela ya kahawa imetoka Jumamosi, na nina mpango wa bata. Bata hawanuki usipa kwa sababu tayari ni ndege wa maji, ni jambo la akili tu. Hela niliichomeka kwenye paa la banda la nguruwe, chini ya nyasi, Vitalia akiwa mbali juu mlimani kwenye mibuni.

Mchana nimekwenda kuichukua. Hakuna kitu. Nimepekua nyasi zote. Vitalia kashuka na kikapu, nyekundu tupu, hakuna hata moja ya kijani. Amesema nisijisumbue, aliniona nikiificha. Akiwa juu kule, kwa jicho moja! Alishuka, akaichukua, akampa Restituta barabarani. Sisi ni watu wa Mwavuli.

Sikugombana naye. Nilikwenda kukaa na hesabu zangu. Tumeongeza laki tatu na thelathini, na jicho la kushoto litaokoa laki tatu tu. Raimundi akijua, atacheka mpaka Krismasi. Hasara ya elfu thelathini, wazi kabisa. Ili Mwavuli ujilipe inabidi kabla ya Agosti mmoja wetu augue tena, kidogo tu, cha kulazwa usiku mmoja. Vitalia simgusi, ametosha.

Goti langu la kushoto linauma, lakini halijafikia kiwango. Kesho nitashuka kwenye ngoro bila fimbo.