Gari Litakalopita Kwenye Geti la Baba

...na kama nilivyokuwa nasema kwenye simu kabla haijakatika, suala la gari si la kukurupukia, ni suala la mchakato, na mchakato ukishaanza hauulizwi utaisha lini. Ndiyo maana nimeona nililete kwa maandishi, katika hotuba rasmi, ili mtu asije akasema hakuambiwa. Shangazi, utaisoma wewe, sebuleni, umesimama. Mimi nikisoma mwenyewe nitacheka. Na usianze kabla Baba hajaketi.

Mheshimiwa Baba, Fundi Mkuu wa Kuchomelea Mageti, Madirisha na Vitanda vya Chuma. Mheshimiwa Mama, Mdhibiti wa Funguo Zote na Mlezi wa Friji Isiyogandisha. Mheshimiwa Shangazi, Msemaji wa Ukoo kwa Habari Zilizothibitishwa na Zisizothibitishwa. Kaka na dada zangu wenye vyeo mbalimbali. Mheshimiwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye hukualikwa lakini najua unasikia. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Shangazi, wasipopiga, piga wewe.)

Ndugu wajumbe, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa kwa kweli nimekaa kitandani kwa sababu viti vyetu viwili vimewekewa vipuri vya friji, nikiwa katika wiki ya sita ya ndoa yangu, na nikiwa Mwenyekiti wa Tume ya Kaya Mpya ya Kuchunguza, Kutathmini na Kupendekeza Namna Bora ya Kupata Gari la Fahari, tume yenye wajumbe wawili, yaani mimi na mume wangu, fundi friji, ambaye ndiye Katibu wa Tume, Mkuu wa Kitengo cha Ufundi na Mtu Mzuri Kuliko Wote. (Kicheko. Mama anasema, "Haya, ameshaanza.") Wanaojiuliza nimeijulia wapi lugha hii nawakumbusha kwamba kwa miaka minne nimechapa hotuba za wakubwa pale kwenye duka la fotokopi, na maneno yale yamenigandia vidoleni kama wino.

Sasa niingie kwenye chimbuko la Tume. Siku ya harusi yetu mume wangu aliendesha mwenyewe hadi nje ya geti lenu gari jeusi, refu, linalong'aa hadi kuku wa Mama wakasimama kujitazama ubavuni mwake. Baba ulilizunguka mara mbili. Ukalipapasa boneti kama unavyopapasa bati lililonyooka, ukamshika mume wangu bega, ukamwambia, "Hongera mwanangu, umejipanga." Naye akajibu, "Asante, baba." Naomba asante hiyo iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Kuhusu hadhi ya umiliki wa gari lile, ufafanuzi utatolewa katika kipengele cha mwisho kiitwacho Mengineyo, mahali ambapo, kwa uzoefu wangu wa kuchapa ajenda, wakubwa huliweka lile jambo hasa lililowakutanisha.

(Minong'ono. Baba anauliza, "Hadhi gani tena?" Mwambie asubiri.)

Wiki mbili zilizopita Msemaji wa Ukoo alitupigia simu akatuarifu kwamba Baba ameling'oa geti letu la zamani, lile dogo la kupita mtu mmoja mmoja, tena kiubavu ukiwa na ndoo, na kwamba anachomelea jipya, pana, la mbawa mbili, lenye maua ya chuma, ili gari la mkwe liingie bila kukunja vioo vya pembeni, na kwamba majirani wameshaanza kuja kulipima kwa hatua. Mume wangu alizisikia habari hizo akiwa na kijiko mdomoni. Kijiko kilikaa humo muda mrefu.

"Mke wangu," akasema alipokitoa, "mbawa mbili?"

"Mbawa mbili," nikamwambia. "Na maua."

"Maua gani?"

"Utayaona mwenyewe ukifika."

"Nafikaje sasa?"

Ndugu wajumbe, swali hilo ndilo lililozaa Tume. Kwa maana tangu simu ile mara tatu nimefunga mkoba kuja kuwaona, na mara tatu friji ya mtu fulani imeharibika ghafla, friji ambazo mimi sijawahi kuonyeshwa hata mlango wa mojawapo. Nimewakumbuka mpaka nimeanza kuikumbuka sauti ya mashine ya Baba, ile tuliyokuwa tunailalamikia wote. Hilo mliweke akilini ninapoendelea na takwimu.

Katika awamu ya kwanza, Tume ilifanya ziara ya kikazi kwenye yadi ya magari, ambako tulipokewa na muuzaji mwenye tai nyembamba na viatu vilivyochongoka, kijana mwenye maneno mengi na mishemishe, aliyetuketisha ndani ya gari moja lenye viti vya ngozi vinavyopasha moto makalio, jambo ambalo katika jua lile la saa saba Tume ililiona kuwa ni adhabu zaidi kuliko fahari. (Kicheko.) Kisha akafungua kimlango katikati ya viti vya nyuma akasema, "Na hapa, bosi, kuna friji." Ndugu zangu! Mnamjua mkwe wenu. Uso wake uliwaka kama wa bwana harusi, nami niliyeuona siku ya harusi ndiye shahidi. Akaingiza mkono hadi kwenye bega. Akasikiliza. Akanusa. Akasema, "Mpira wa mlango umelegea, baridi yote inatoka." Muuzaji akasema haiwezekani, gari ni jipya. Mume wangu akatoa bisibisi kwenye soksi, na katika muda usiozidi dakika kumi, Tume ikawa imetekeleza mradi wake wa kwanza bila msaada wa wafadhili. (Makofi mazito. Mama anasema, "Huyo ndiye wangu.") Baadaye muuzaji akafuta jasho, akauliza swali la kitaalamu: "Sasa wazee, mnakodi au mnanunua?"

Tulitazamana. Mimi nilisema tunakwenda kushauriana na wadau, wanaoitwa stekiholda kwenye semina.

Kuhusu kukodi kwa mkataba wa miaka mitatu, Tume ilisoma masharti yote kurasa kumi na moja, Katibu akisoma kwa sauti, Mwenyekiti akiwa amelaza kichwa kwenye paja la Katibu kwa madhumuni ya usikivu. Ilibainika kwamba malipo ya mwezi mmoja wa gari yanalingana na kodi ya chumba chetu kuanzia leo hadi mtoto ambaye hata hajazaliwa atakapoanza shule. Ilibainika kwamba usizidishe kilomita, usipakie mizigo yenye harufu, usibandike kitu kiooni, na miaka mitatu ikiisha ulirudishe bila mkwaruzo hata mmoja, utoke hapo na funguo zako za nyumbani tu. Hapa Mwenyekiti aliinuka akatamka kwa uchungu kwamba hawezi kuishi miaka mitatu na kitu anachoogopa kukikwaruza, wakati yeye mwenyewe amempokea mume wake akiwa na mikwaruzo yote mwilini, pamoja na ule wa kiwiko alioupata kwenye kompresa ya friji, na anaipenda mmoja mmoja. (Vifijo kutoka kwa dada zangu. Kaka wanatazama dari.)

Kuhusu kununua, muuzaji alikiri kwa kinywa chake kwamba gari hushuka thamani dakika ile ile linapotoka nje ya geti la yadi. Ndugu wajumbe, nililishangaa sana hilo. Mimi nilitoka na mtu nje ya geti la Baba wiki sita zilizopita, na kwa tathmini ya kina iliyofanywa kila asubuhi anaponiwekea maji ya kuoga kabla sijaamka, thamani yake imepanda kwa asilimia mia nne na hamsini, na haijaonyesha dalili ya kutulia. (Makofi. Shangazi, usigune hapo, soma.)

Awamu ya pili ilihusu miundombinu. Kwa kuwa futi kamba ya Katibu ilikuwa kwa mteja, Katibu mwenyewe alilala chini akawa kipimo. Uchochoro wa kwetu ulionekana kuwa na upana wa Katibu mmoja kasoro viatu. Gari, kwa vipimo vya yadi, lina upana wa Katibu mmoja na robo. Mama mwenye nyumba alitoka na ufagio akauliza, "Mumeo kaanguka?" Nikamwambia, "Hapana mama, tunapanga gari." Akatazama uchochoro, akamtazama aliyelala, akasema, "Basi panga na nyumba ya kuvunja ili lipite," akaendelea kufagia, akafagia mpaka kwenye miguu ya Katibu. Maoni hayo ya mdau yamepokelewa na yanafanyiwa kazi.

Awamu ya tatu ilikuwa ya mivutano. Katibu alileta pendekezo la dharura kwamba tukodi kwa siku moja tu, tuje, tuingie getini, Baba afurahi, turudi. Nikamuuliza, "Na tukija mara ya pili?" Akasema, "Tutasema liko gereji." "Na ya tatu?" "Gereji ile ile, mke wangu, mafundi wa siku hizi unawajua." "Na mtoto wetu akikua akamuuliza babu yake liko wapi gari la baba?" Akachukua mpira wa mlango wa friji uliokuwa kwenye kiti, akawa anauzungusha mkononi. Nilimuuliza lile ambalo Tume nzima ilikuwa inaliogopa: siku ile, kwa nini hukusema ukweli? Akajibu polepole, "Alinishika bega akaniita mwanangu. Mimi mtu gani amewahi kuniita hivyo? Ningeanzaje kumrekebisha?"

(Shangazi, hapa usiseme lolote, na usimtazame Baba. Geuza ukurasa.)

Mnajua mume wangu amelelewa na dada yake, baba yake hakuwahi kumwona. Nilipomwambia nitaandika hotuba hii alishika kalamu nisiandike, kisha akaiachia, akasema, "Andika vizuri basi." Naandika vizuri.

Kwa hiyo, baada ya majuma mawili ya upembuzi yakinifu, Tume kwa kauli moja, kura mbili kwa sifuri, inatoa maazimio yafuatayo, ambayo naomba myapokee kwa kaulimbiu. Nikisema Kaya Mpya, mseme Juu! Kaya Mpya! (Juu!) Mbawa mbili! (Juu!) Maua ya chuma! (Juu! Baba amejibu kwa sauti ndogo.) Gari la fahari! (Kimya. Kimya hicho ndicho sahihi.)

Mengineyo. Chini ya kipengele hiki kuna shukrani tu. Napenda kumshukuru kwa namna ya pekee mzee mwenye duka la kukodisha magari ya harusi, ambaye lile gari jeusi ni lake, alitukodisha kwa siku mbili, nasi tukamrudishia Jumapili asubuhi nikiwa bado na maua ya jana kwenye nywele, akalizunguka kutafuta mkwaruzo, hakuuona, akatupa mkono wa kwaheri. Tulirudi kwa miguu. Viatu vyangu alivibeba mume wangu, kimoja kila mkono, na katika safari zote nilizowahi kusafiri hiyo ndiyo ninayoipenda. Namshukuru mfadhili wa mradi wa gari letu, ambaye hakuwahi kupatikana. Naishukuru bajeti yake, ambayo haikuwahi kuandikwa. Nalishukuru na gari lenyewe, ambalo halikuwa letu, halipo, na wala hatulikodi wala hatulinunui.

Na wewe Baba nakushukuru kuliko wote, kwa geti. Usilipunguze hata inchi. Lile la zamani tulipita mmoja mmoja, hata siku ya kuondoka kwangu mimi nilitangulia, yeye akabaki nyuma na sanduku, nikawa nageuka kumtafuta. Hili jipya tutapita wawili sambamba, tumeshikana mikono, na yeye mkono wa pili ameshika kisanduku cha vifaa, kwa sababu ameapa kwamba hatatoka hapo mpaka friji ya Mama igandishe. Tutashuka pale kituoni na tutatembea. Ukitusikia tunakuja, fungua mbawa zote mbili, na ukiona inafaa, mwite tena lile jina ulilomwita siku ile, safari hii hakuna boneti la kusimama katikati. Mkoba nimeshaufunga, hakuna friji ya mtu yeyote iliyoharibika, na kabla mwezi huu haujaisha mtatuona getini.