Nusu Lita Mpaka Naivasha

Mwaka wa 2008 ulianza kwa moshi, na kufikia Septemba kila mtu Nakuru alikuwa na hamu ya habari njema, hata ikiwa ya uongo. Kihara alikuwa muuzaji wa habari za aina hiyo. Alikuwa ameshauza dawa ya kuyeyusha kitambi, antena ya kunasa stesheni za Ulaya, na viti vya mbele katika mkutano wa injili ambao kuingia kulikuwa bure. Asubuhi hiyo alisimama kando ya kituo cha mafuta, mfukoni ana kitana na bisibisi tu, akingoja Mungu amwonyeshe riziki yake.

Mungu akamwonyesha Jepkoech.

Jepkoech alikuwa na saloni karibu na soko, mtoto mdogo mgongoni, na pikipiki tatu. Mbili ziliendeshwa na vijana wake wa boda, Wasike na Owino. Ya tatu, nyekundu, mpya kama sahani ya wageni, bado ilikuwa haijapata dereva. Wakati huo alikuwa akiwakaripia vijana wale, sauti chini ili asimwamshe mtoto, jambo lililofanya maneno yachome zaidi.

"Hizi pikipiki zinakunywa kuliko wajomba kwenye harusi," alisema. "Jana nimejaza. Leo tangi inalia kama debe."

Wasike akatazama mawingu. Owino akatazama viatu vyake. "Madam, ni kabureta," akasema. "Hizi zina kiu ya kuzaliwa."

Kihara alimwangalia Owino, na chini ya jaketi lake akaona ncha ya mpira mwembamba wa kunyonyea petroli ikichungulia. Akaelewa yote. Kabureta haikuwa na kiu. Wenye kiu walikuwa wawili, na walinyonya kwa zamu. Mtu mwema angemwendea mama yule na kumwambia ukweli. Lakini mtu mwema halipwi, na Kihara alikuwa hajanywa chai.

Akachomoa kitana, akajichana, akasogea.

"Mathe, usiwalaumu vijana," alisema kwa huruma ya mchungaji. "Mimi naitwa Injinia Kihara. Kabureta ni kama mtu anayepika uji. Hewa ndiyo maji, petroli ndiyo unga. Ya kwako inasonga ugali."

"Na wewe utapika nini?"

"Uji wa mtoto. Mwepesi kabisa. Nikimaliza, lita moja inakutoa Nakuru mpaka Naivasha na kukurudisha."

Jepkoech alimbembeleza mtoto kwa kuyumbayumba. Akauliza atamlipa nini. Hapo ndipo Kihara alipoonyesha ufundi wake halisi, kwani alikataa pesa. Alisema pesa huharibu kazi. Azitengeneze zile mbili, mama apime mafuta wiki nzima, na matumizi yakipungua nusu, injinia ajichukulie ile nyekundu isiyo na dereva. Yasipopungua, hadai hata mandazi.

Wenye hekima wanasema kitu cha bure kina mkia mrefu. Jepkoech hakusema lolote kuhusu mikia. Alisema sawa, aanze kazi saa ile ile.

Kabla ya pikipiki kuingizwa kwenye stoo nyuma ya saloni, alitoka na kichupa cha rangi ya kucha na kutia tone jekundu juu ya kila skrubu. Ilikuwa desturi yake. Drai yake ya nywele iliwahi kwenda kwa fundi ikiwa nzima isipokuwa waya, ikarudi na waya mpya na utumbo wa drai nyingine. Tangu siku hiyo hakuna kifaa kilichofika mikononi mwa fundi bila tone. Kihara aliyaona matone hayo, akatabasamu. Wanawake na mapambo.

Akafunga mlango, akieleza kwamba kazi ya kabureta haitaki upepo. Ndani, aligonga bisibisi kwenye sufuria moja ya humo kila alipokumbuka, kisha akalala juu ya gunia. Skrubu ya hewa aliiona vizuri, lakini hakuigusa, kwa sababu hakujua inazungushwa upande upi, na mtu mwenye heshima zake hachezi na asichokijua.

Jioni aliwakuta Wasike na Owino kwenye kibanda cha chai. Aliketi bila kukaribishwa, akauchomoa ule mpira kwenye jaketi la Owino, akauweka mezani kati ya vikombe.

"Wiki moja," aliwaambia. "Msinyonye. Nikitoka na ile nyekundu, nawanunulia mbuzi mzima Kikopey, pale kwenye nyama choma njia ya Naivasha. Mkikataa, huu mpira naupeleka kwa madam."

Wasike aliuliza itakuwaje wiki ikiisha. Kihara akamjibu kwamba wiki ikiisha, kabureta itaharibika tena, maana kabureta ndivyo zilivyo, na wao warudi kwenye mlo wao. Yeye atakuwa ameshafika mbali ambako watu bado hawamjui. Wakagonga vikombe, na mpira ukarudi kwenye jaketi. Owino alikuwa na roho ya haraka. Usiku haujaingia, ameshampigia simu mama mmoja mwenye bucha Kikopey, Mugure, atenge mbuzi Jumamosi kwa jina la Injinia Kihara.

Kwa hiyo wiki hiyo Nakuru ilishuhudia muujiza. Vijana wawili waliacha wizi, na sifa zikaenda kwa bisibisi. Kila asubuhi Jepkoech alichungulia tangi na kukuta zaidi ya nusu imebaki. Habari zikaenea chini ya drai zote za saloni. Kihara alianza kupita mbele ya mlango mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akiitikia salamu za "injinia" kwa kuinua kidole kimoja.

Jumamosi, Jepkoech aliitoa ile nyekundu nje, mbele ya wateja waliotoka na rola vichwani kushuhudia. Kihara alikipapasa kiti chake kama anayepapasa shavu. Miaka yote alikuwa amesafiri kwa miguu, akitoroka kila mji kwa kasi ya viatu vyake. Sasa angetoroka kama mheshimiwa.

"Injinia umeongea na umetenda," Jepkoech alisema. "Hata hii nimewaambia vijana wairekebishe kabureta iwe kama za zile mbili. Logbook, ile hati ya umiliki, atakuwa nayo Owino. Wao watakusindikiza kwa pikipiki yao moja, na ukifika Naivasha anakupa mkononi."

"Mbona mbali hivyo, mathe?"

"Si wewe ulisema lita moja, kwenda na kurudi? Wateja wangu wanataka kuona." Akageuka, akachukua chupa mbili za maji za nusu lita, zimejaa petroli. Tangi zote mbili zilikuwa zimeshakaushwa. "Kwenda peke yake ni nusu. Moja yako, moja ya vijana. Ama nimekosea hesabu?"

Wale wanaume watatu walitazamana. Kila mmoja alijua kwamba nusu lita haifiki Naivasha hata ikisukumwa na maombi. Lakini kulisema hilo ni kukiri, na mbele ya rola zile zote, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuanza.

"Hujakosea," Kihara alisema.

Alipanga mambo njiani. Kwenye mteremko atazima injini na kuteleza. Ikikauka, atanyonya kidogo kwa vijana, maana mpira wanao. Akapita Mbaruk akiwa amejikunja juu ya tangi kama mtu anayeficha mkate, akaliona ziwa Elementaita likimeremeta upande, na roho yake ikaanza kuimba. Kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea Kikopey. Pikipiki ikakohoa mara moja kwa adabu, ikanyamaza.

Upepo ulileta harufu ya nyama ikichomwa. Kihara akashuka, akasukuma. Alisukuma mpaka jasho likaingia kwenye kola, na alipofika mbele ya mabucha akaketi kando kungoja wokovu. Wokovu ulitokea baada ya muda kwenye kona. Wasike alikuwa ameshika usukani, Owino akisukuma kutoka nyuma.

"Nigawieni mafuta," Kihara alisema.

"Tugawie mafuta," alisema Wasike wakati huo huo.

Owino alikuwa wa kwanza kucheka, cheko la mtu anayekufa kwa njaa. Akautoa mpira, akautazama, akaurudisha. Hapakuwa na kitu cha kunyonya.

Wakati huo pikapu iliyobeba kreti za soda ilisimama, na Jepkoech akashuka, mtoto mgongoni, jerikeni mkononi. Hakuonekana kushangaa. Alikwenda kwenye pikipiki ya vijana, akapiga magoti, akamwita Kihara aje aangalie. Juu ya skrubu ya hewa lilikuwako lile tone jekundu, zima, halina hata ufa.

"Skrubu haijazungushwa, Injinia," alisema kwa upole. "Na matumizi ya mafuta yamepungua nusu. Sasa kama si kabureta ilikuwa inakunywa, ni nani?"

Wasike akatazama mawingu. Owino akatazama viatu.

"Miezi mitatu nimetafuta kujua pikipiki zangu zinakula kiasi gani kwa haki. Wewe umenipimia wiki moja, bure. Kuanzia Jumatatu vijana watapata kiasi hicho hicho, sio tone zaidi. Asiyetaka, aache ufunguo hapa." Hakuna aliyeacha. Akaimwaga petroli kwenye tangi zote mbili, akamkabidhi Wasike ile nyekundu, akaichukua logbook kwa Owino na kuitia kwenye mkoba wa nepi.

Kihara alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, hatua ndogondogo, alipohisi mkono mzito begani. Ulikuwa wa Mugure, mwenye bucha, aproni imejaa mafuta, mwenye furaha ya biashara.

"Injinia Kihara ni wewe? Mbuzi ameiva."

Walikula wote, akiwemo Jepkoech, aliyemtafunia mtoto kipande cha ini na kumlisha kwa kidole. Waliondoka wakiwa wamemshukuru mwenye karamu mmoja mmoja, kwa mkono. Mwenye karamu alibaki. Kitana hakikutosha kulipa mbuzi, hata kikiongezwa bisibisi, kwa hiyo Mugure alimfunga aproni na kumwonyesha jiko.

Jioni ilipokaribia, Kihara alisimama mbele ya makaa, upepeo mkononi, machozi ya moshi yakimtiririka. Alilizunguka jiko mara moja. Akainama, akachungulia tundu la chini. Kisha akajichana.

"Mathe," alimwita Mugure, "hili jiko lako linakula makaa mengi. Shida ni hewa. Mimi nikilirekebisha, gunia moja linakupeleka mwezi mzima."

Mugure alimtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akamsogezea gunia lingine kwa mguu.

"Pepea," alisema.