Rejesta ya Vivutio vya Bustani

"Wananchi mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi, bustani ya mji itakuwa na historia!"

Tangazo hilo, lililopigwa kwa kipaza sauti kutoka Kirumba hadi Nyegezi, aliliandika Bwana Chenge mwenyewe, Mwenyekiti wa Kamati ya Historia na Vivutio. Alilipenda mno. Miaka yote bustani ilikuwa imekaa tu kando ya ziwa bila historia hata ya kusingiziwa, na jambo hilo lilimuuma kwelikweli.

Baada ya vikao tisa, Kamati ilipitisha kanuni: chochote ambacho hakijatimiza miaka thelathini bustanini si historia, na kiondolewe Jumamosi kabla jua halijatua. Rejesta ikafunguliwa. Mawe makubwa yakaandikwa. Mijusi wakapita bila kupingwa. Korongo mmoja alitiliwa shaka, akapewa siku saba alete vielelezo.

Akabaki Mama Sabina, muuza chai, ambaye meza yake iliziba ziwa lisionekane vizuri kutoka dirisha la ofisi mpya ya Kamati.

"Shikamoo, mama. Jumamosi utupishe."

"Marahaba, mwanangu. Niende wapi? Meza hii ndiyo kula yangu na wajukuu."

"Kanuni ni kanuni. Kielelezo unacho?"

Hakuwa nacho. Chenge akaondoka anapiga mluzi.

Jumamosi alifika mgeni rasmi, Bi Wilhelmina, mwanamke asiyecheka na kanuni. Kabla hajakata utepe, mzee Anil wa duka la vitambaa akajipenyeza na fremu kwapani. Ilikuwa picha ya harusi yake, iliyopigwa hapo bustanini, kama maharusi wote wa mji wanavyofanya, mwaka 1991.

"Huyu bibi harusi, Dipti wangu. Na huyu nyuma na birika, nani? Sabina! Chai yake tulikunywa siku ile."

Bi Wilhelmina akavaa miwani.

"Aandikwe," akasema. Kisha akaisogeza picha karibu. "Mwenyekiti, hapa ilipo ofisi yenu naona mbuzi amelala."

"Ofisi tumejenga mwaka jana tu, mheshimiwa."

"Kumbe. Jua linatua saa ngapi?"

Greda lilimaliza kazi saa kumi na mbili kasorobo, kwa mujibu wa kanuni.

Jumatatu asubuhi Chenge alikuja na rejesta mkononi, hana pa kuiweka.

"Shikamoo, mama. Naomba kukaa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unywe chai," Mama Sabina akamfutia benchi. "Ila jua lisitue ungali hapa. Hujatimiza miaka thelathini."